Istilahi za Sare ya Timu ya Taifa

Neno jezi limekwisha kuzoeleka katika Kiswahili, nasi hatukusudii kuliondoa. Linalotusumbua ni mipaka ya maana yake. Mara humaanisha vazi la juu tu. Mara humaanisha mavazi yote ya mchezaji, pamoja na bukta na soksi. Katika mazungumzo jambo hili halina madhara. Katika sheria na mikataba, lina madhara makubwa.

Tutazame mfano wa Kameruni. Mwaka 2004, katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia, timu hiyo ilivaa vazi lililobuniwa na kampuni ya Puma, ambalo jezi na bukta ziliunganishwa zikawa kitu kimoja. Shirikisho la Kandanda la Kimataifa (FIFA) lilishikilia kwamba sheria ya nne ya mchezo huvihesabu kuwa vitu viwili mbalimbali. Kameruni ilitozwa faini na kunyang'anywa pointi 6 katika michezo ya kufuzu Kombe la Dunia la 2006, ingawa pointi hizo zilirudishwa baadaye. Iliyobuni ni kampuni; iliyoadhibiwa ni timu.

Kwa hiyo twapendekeza sare litumike kwa mavazi yote, na jezi libaki kwa vazi la juu peke yake. Bukta, neno lenye jina moja na kampuni ya mavazi ya michezo iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1879, latosha kwa vazi la chini.

Jozi ya pili ni mtengenezaji na mdhamini, ambao mara nyingi huitwa wote mdhamini. Mtengenezaji hupata haki ya kuivalisha timu na kuwauzia mashabiki jezi za namna hiyo hiyo, kama kampuni ya Admiral ilivyofanya kwa timu ya taifa ya Uingereza kuanzia mwaka 1974. Mdhamini hutoa fedha ili jina lake litangazwe. Kanuni za FIFA huruhusu alama ya mtengenezaji katika sare ya timu ya taifa, lakini hukataza humo tangazo la mdhamini wakati wa mechi. Kampuni itakayolipa udhamini ikitarajia kuonekana vifuani mwa wachezaji katika Kombe la Dunia itakuwa imenunua kisichouzwa.

Aidha, mdhamini tayari ni neno lenye mzigo: yupo wa mshtakiwa mahakamani, na yupo wa mali ya chama. Tusilitwike na kazi ya mshonaji. Mkataba hauna budi kumtaja kila mmoja kwa kazi yake.