DVD KUTOKA NG'AMBO INAPOKATAA KUCHEZA



Mama mmoja aliyemaliza kisomo katika kituo chetu alipokea sahani ya DVD kutoka Marekani. Kaka yake alifariki huko, akazikwa huko huko, maana gharama za kumsafirisha marehemu zilikuwa kubwa mno. Ndugu waliokuwapo mazishini walipiga picha za video, wakazitia katika sahani moja, wakampa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani kwa likizo.

Jioni ukoo ulikusanyika. Televisheni ilikuwa ya chogo, deki ya jirani, jenereta ya kuazima. Sahani ikatiwa ndani. Sauti ilitoka safi kabisa: padri anasoma, watu wanaimba, mtu analia. Lakini picha! Haikuwa na rangi hata kidogo, tena ilikuwa inapanda juu, inapanda juu, haitulii. Wazee waliinamisha vichwa wakasikiliza mazishi ya ndugu yao kama wanaosikiliza redio.

Kesho yake fundi aliitwa. Akasema televisheni imekufa, iuzwe chuma chakavu. Sisi wa elimu ya watu wazima tulipoulizwa, tulisema sahani imeharibika njiani. Kumbe sote tulikosea. Televisheni ilikuwa nzima na sahani ilikuwa nzima. Zilikuwa hazielewani tu. Bahati nzuri yule mama hakutusikiliza. Aliifunga sahani katika kanga akaiweka sandukuni.

Baada ya hapo tuliuliza kwa wanaojua, tukajaribu wenyewe. Tuliyoyapata ndiyo haya.

MAKUFULI NI MAWILI

DVD ya ng'ambo inaweza kuzuiwa na mambo mawili. La kwanza linaitwa kanda, la pili linaitwa mfumo. Watu wengi huyachanganya, hata mafundi.

Tuanze na kanda. Hapa hatusemi kanda ya kaseti, tunasema kanda kama tunavyosema Kanda ya Ziwa, yaani eneo. DVD zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996. Makampuni ya filamu yaliigawa dunia katika kanda 6 na kuipa kila kanda namba yake. Sababu ilikuwa biashara. Filamu ilikuwa inaonyeshwa kwanza katika majumba ya sinema ya Marekani, kisha miezi ikapita kabla haijafika nchi nyingine. Wenye filamu hawakutaka sahani zitangulie kufika. Basi namba ikaandikwa ndani ya sahani, na namba ikaandikwa ndani ya deki. Zisipolingana, deki inagoma.

Marekani na Kanada ni kanda ya 1. Sisi Tanzania, pamoja na Kenya, Uganda na sehemu kubwa ya Afrika, tumewekwa kanda ya 5 pamoja na India na Urusi. Uchina peke yake ni kanda ya 6. Ajabu ni kwamba Afrika Kusini na Misri, ambazo ni Afrika kama sisi, zimetiwa kanda ya 2 pamoja na Ulaya, Japani na nchi za Kiarabu kama Oman. Sisi hatukuulizwa.

Namba hiyo utaiona nyuma ya kasha la sahani, katikati ya mchoro mdogo wa dunia. Ukikuta neno ALL au namba 0, sahani hiyo haichagui deki. Na sahani za nyumbani, yaani za harusi, ubatizo au mazishi, kwa kawaida hazina kufuli hili hata kidogo. Kwa hiyo shida ya yule mama haikuwa kanda.

PICHA NI MISTARI

Shida yake ilikuwa mfumo. Hili tulieleze polepole.

Ukisogea karibu sana na televisheni ya chogo utaona kwamba picha si kitu kimoja. Ni mistari mingi iliyolala mmoja chini ya mwingine, kama nyuzi za kitambaa. Televisheni huichora mistari hiyo kwa kasi mpaka jicho linadanganyika, linaona mtu anatembea.

Wamarekani wana mfumo wao, unaitwa NTSC. Mfumo wao wa rangi ulikubaliwa rasmi mwaka 1953. Una mistari 525, na picha karibu 30 katika kila sekunde. Ujerumani walikuja na mfumo mwingine unaoitwa PAL, uliobuniwa na mhandisi Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken. Ulianza kutumika Ujerumani na Uingereza mwaka 1967. Huo una mistari 625, na picha 25 kwa sekunde. Wafaransa nao wakajitengenezea wa kwao, SECAM, ukaenea katika nchi nyingi walizokuwa wamezitawala. Hesabu hizi za 30 na 25 hazikuokotwa tu. Umeme wa Marekani hupigapiga mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50, na televisheni za mwanzo zilifuata mapigo ya umeme wa kwao.

Sisi tulifuata PAL. Zanzibar ilitangulia kuwa na televisheni, ya rangi, mwaka 1973. Bara tukangoja mpaka mwaka 1994.

Sasa fikiri. Televisheni ya yule mama imezoea kuhesabu mistari 625 ndipo ianze picha nyingine. Sahani ya Marekani inaleta mistari 525, tena kwa haraka zaidi. Hesabu inapotea, ndiyo maana picha inapanda bila kutulia. Maelezo ya rangi nayo yameandikwa kwa namna nyingine, televisheni inashindwa kuyasoma, inabaki nyeusi na nyeupe. Sauti je? Sauti hupita katika waya zake, ule mwekundu na ule mweupe. Picha hupita katika ule wa njano. Ndiyo maana walisikia padri wasimwone.

Basi dalili ni hizi. Deki ikigoma kabisa, haitoi picha wala sauti, tena kiooni yakaja maandishi yenye neno REGION, hiyo ni kanda. Sauti ikiwa safi lakini picha haina rangi au inapanda, huo ni mfumo. Na kanda moja si lazima iwe mfumo mmoja: Uingereza na Japani zote ni kanda ya 2, lakini Waingereza ni PAL na Wajapani ni NTSC. Sahani ya dukani iliyotoka Muscat itaelewana na televisheni yako kwa mfumo, lakini deki inaweza kuikataa kwa kanda.

TULIVYOFANYA

Tulirudi kwa yule mama na rimoti ya deki mkononi. Tulitoa sahani kwanza, tukabonyeza SETUP, tukatafuta mahali palipoandikwa TV SYSTEM au TV TYPE. Deki ilikuwa imewekwa AUTO, maana yake inatoa mfumo wowote iliyoukuta katika sahani. Tukachagua PAL. Kuanzia hapo deki yenyewe inageuza mistari ya Kimarekani kuwa ya kwetu. Sahani ikarudishwa, picha ikasimama, ikaja na rangi. Hatukulipa hata senti.

Angalia usichague NTSC kwa kujaribu tu. Picha ikipotea hutaona tena pa kurudi. Ikikutokea, rimoti nyingi zina kitufe cha P/N, kibonyeze mara moja moja mpaka picha irudi.

Kufuli la kanda ni gumu kidogo. Deki nyingi za bei nafuu hazijali kanda, zinacheza zote. Nyingine hufunguliwa kwa namba za siri za rimoti, na kila aina ya deki ina namba zake, kwa hiyo muulize aliyekuuzia. Kwenye kompyuta kuwa mwangalifu: kwa kawaida inaruhusu kubadili kanda mara 5 tu, kisha inabaki hapo ulipoiacha mwisho.

Jambo moja linaunguza vitu vya watu. Ndugu akikuletea deki yenyewe kutoka Marekani, soma kwanza kibao cha nyuma. Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 230. Kikiandikwa 100-240V, chomeka. Kikiandikwa 120V peke yake, usichomeke bila transfoma ya kupunguza umeme, hata kwa kujaribu dakika moja.

Televisheni bapa za siku hizi nyingi hupokea mifumo yote, lakini vijijini chogo bado zipo na zinafanya kazi. Sahani ya yule mama sasa imeanza kuwa na mikwaruzo kwa kuazimwa na ukoo mzima. Tumeshamwambia ailete kituoni siku ya Alhamisi, tuitie katika kompyuta na kumnakilia nyingine mbili.