Mbegu Arobaini kwa Mti Mmoja wa Pasimoni

Mbegu ya pasimoni chotara haikurudishii mti wa mama yake. Ukila tunda la chotara aitwaye Nikita's Gift, ukakuta mbegu ya kahawia imelala katikati ya nyama yake, ukaipanda, mti utakaoota ni mpya kabisa. Huenda ukawa mgumu kwa baridi kuliko mama yake. Huenda ukafa Januari ya kwanza. Huenda ukawa dume, ukachanua kila mwaka bila kukupa tunda hata moja. Miti inayouzwa bustanini ni ya kubebesha, na mti uliobebeshwa ni nakala ya mwingine. Kwa anayetaka kula tu, nakala ndiyo njia, anunue na apande. Makala haya ni ya yule anayetaka mti ambao bado haujapewa jina.

Kwanza, chotara wa nini na nini. Pasimoni nono ya rangi ya chungwa tunayoiona kwenye maduka makubwa ni Diospyros kaki, iliyotoka China na kulelewa kwa karne nyingi Japani na Korea. Tunda lake ni kubwa na linapendeza, ila mti wenyewe unaanza kuumia baridi ikifika nyuzi 15 hadi 18 chini ya sifuri. Wa pili ni Diospyros virginiana, mti wa porini wa Marekani ya mashariki, kuanzia Florida hadi kusini mwa Connecticut na Iowa. Miti yake ya kaskazini huvumilia nyuzi 25 chini ya sifuri na zaidi. Matunda yake ni madogo, ya sentimita 2 hadi 5, yana mbegu tele, lakini utamu wake ni mzito na una harufu ambayo kaki haina. Mji wa Mitchell, jimbo la Indiana, umekuwa ukifanya tamasha la tunda hilo tangu 1947, na pudini yake ndiyo inayogombaniwa. Ndugu zetu wanaoishi Kentucky na Ohio hupita chini ya miti hii kila Oktoba, matunda yamepondeka barabarani, wakidhani ni uchafu wa mti wa mapambo. (Afrika nayo ina ndugu wa ukoo huu, Diospyros mespiliformis wa savana, ambaye tunda lake huliwa. Lakini huyo hajui barafu, tumwache.)

Wazo la kuchanganya utamu wa porini, unene wa kaki na ugumu wa kaskazini ni la zamani, lakini aliyelifikisha mbali ni mtaalamu wa Kisovieti, Pasenkov, katika Bustani ya Mimea ya Nikitsky karibu na Yalta, Crimea. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alipata mti uliotokana na virginiana na kaki, ukaitwa Rosseyanka. Baadaye damu ya kaki ilirudishwa tena kwenye uzao huo, na hapo ndipo ilipotoka Nikita's Gift, yenye tunda lenye wekundu. Chotara wengi wanaouzwa leo Ulaya na Marekani ni watoto, wajukuu au majirani wa miti hiyo ya Crimea.

Kwa nini kazi hiyo ilichelewa? Sababu moja iko ndani ya seli. Kaki ina kromosomu 90. Virginiana ina makundi mawili: la kusini mashariki lenye 60, na la kaskazini na magharibi lenye 90. Ukichavusha virginiana yenye 60 kwa chavua ya kaki, mtoto akipatikana atakuwa na 75, hesabu isiyogawanyika vizuri, na uzazi wake huwa wa mashaka. Anayetaka chotara wa kuendelea kuzaa huanzia kwenye kundi la 90. Kwa bahati nzuri hilo ndilo kundi gumu zaidi kwa baridi. Kwa hiyo ukipewa mbegu au mche wa virginiana, swali la kuuliza kabla ya ukubwa wa tunda ni hili: asili yake ni ya wapi?

Sasa tuje kwenye ukakasi, maana ndio unaowakimbiza watu. Pasimoni mbichi ina tanini inayoyeyuka, na ikifika mdomoni hushikana na protini za mate, ulimi ukakauka na mashavu yakajikunja. Tunda likiiva na kulainika, tanini hiyo huungana katika vipande vikubwa visivyoyeyuka, ukakasi ukaisha. Haijaondoka, imefungwa tu. Ndiyo maana Wajapani huweza kuzitoa ukakasi pasimoni zikiwa bado ngumu kwa hewa ya kaboni dioksidi au mvuke wa pombe: vyote viwili hulifanya tunda litengeneze asetaldehidi, nayo ndiyo inayozifungia tanini. Neno la afya hapa si la mapambo. Kula pasimoni mbichi zenye ukakasi kwa wingi, hasa tumbo likiwa tupu, kunaweza kusababisha donge gumu tumboni ambalo mara nyingine huhitaji kutolewa hospitalini.

Zipo kaki zinazolika zikiwa ngumu kama zilivyo, kina Fuyu na Jiro. Kila mpanda mbegu huota ndoto ya Fuyu inayostahimili theluji. Tufanye hesabu yake, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayoamua kama una shamba la kutosha.

Kutokuwa na ukakasi kwa mtindo wa Fuyu ni sifa inayojificha. Mti wenye kromosomu 90 una nakala sita za kila kromosomu, na nakala zote sita lazima zibebe sifa hiyo ndipo ionekane. Virginiana ikioana na Fuyu, mtoto hupokea tatu za ukakasi kutoka kwa virginiana na tatu safi kutoka kwa Fuyu. Chotara wa kizazi cha kwanza, basi, wote ni wa ukakasi, usipoteze muda kutafuta aliyepona. Mrudishe sasa chotara huyo kwa mti wa aina ya Fuyu. Fuyu atatoa tatu safi bila shida. Chotara naye anatakiwa atoe tatu safi kati ya sita alizo nazo. Njia za kuchagua tatu katika sita ni 20, na katika hizo ni moja tu iliyo safi. Kama kromosomu zinagawana bila upendeleo, ni mche mmoja katika 20. Na kwa kuwa karibu nusu ya miche itakuwa dume, ni mmoja katika 40. Hapo baridi bado haijachukua fungu lake, wala hujaonja ladha.

Ndiyo maana ninapoulizwa kama mbegu tatu zinatosha, hujibu kwamba tatu zinatosha kwa anayetafuta kivuli. Anayetafuta tunda laini la kuliwa kwa kijiko, lenye ukakasi unaoisha likiiva, ana nafasi kubwa zaidi, na kwa maoni yangu hilo ndilo lengo la busara kwa bustani ya nyumbani. Pasimoni iliyolainika kwenye dirisha la jikoni mwezi wa Novemba haina upungufu wowote.

Kuipata mbegu yenyewe kuna masharti. Kaki na chotara wengi huzaa tunda bila kuchavushwa, na tunda la namna hiyo halina mbegu. Lazima kuwe na chavua karibu. Zenjimaru ni kaki ya zamani ya Kijapani inayotoa maua dume na hutumika kuchavushia, na virginiana dume la kundi la 90 linafaa pia. Baba akiwa kaki, watoto wataelekea ukubwa na udhaifu. Akiwa virginiana, wataelekea udogo na ugumu. Mbegu isiyojulikana baba yake ina thamani ndogo sana katika kazi hii.

Tunda likishalainika kabisa, toa mbegu, uzioshe hadi utelezi wote uishe, kwa sababu nyama iliyobaki huleta ukungu. Chukua moja uipasue kwa urefu, ubavu kwa ubavu, kwa kisu chembamba. Ndani utaona akiba ya chakula, ngumu, ya kijivu, inayopitisha mwanga kidogo, na katikati yake kiinitete cheupe: mkia mfupi ambao utakuwa mzizi, na vijani viwili vilivyobanana. Vijani hivyo vikiwa vimefunga huonekana kama kijiko. Wazee wa vijijini Marekani husoma humo hali ya majira yajayo: kijiko ni theluji ya kuzolewa, kisu ni upepo unaokata, uma ni baridi ya upole. Kwa mpanda mbegu usomaji ni mwepesi zaidi. Kiinitete kikiwa cheupe na kimejaa, mbegu za tunda hilo ni hai. Kikiwa kimesinyaa au ni cha kahawia, usizipe nafasi kwenye jokofu.

Maana jokofuni ndiko zinakokwenda. Zifunike kwa mchanga au kuvumwani yenye unyevunyevu, ya kutoa tone moja au mawili tu ukiikamua, kwenye mfuko wa plastiki, nyuzi 1 hadi 5, kwa miezi miwili hadi mitatu. Bila baridi hiyo mbegu hulala tu. Zikaguliwe mara kwa mara, na yenye ukungu ioshwe au itupwe. Baada ya hapo zinataka joto la kweli, nyuzi 25 hadi 30, na kina cha sentimita 2. Nyingi hutokeza ndani ya wiki mbili hadi nne.

Hapo ndipo wengi huharibu. Mche wa pasimoni hutoka udongoni ukiwa bado umevaa ganda la mbegu kichwani, na mara nyingine ganda hukataa kuvuka. Mtu huvuta, na kilele cha mche hubaki vidoleni. Lilowanishwe kwa maji, lifunikwe kwa pamba mbichi usiku kucha, kisha lisukumwe taratibu kutoka pembeni. Jambo la pili ni chombo. Kabla mche haujawa na majani matatu, mzizi mkuu umekwisha kwenda chini mbali, kwa hiyo tumia vyungu vyembamba vyenye kina cha sentimita 30 au zaidi, au panda moja kwa moja bustanini. Na ukihamisha, usishtuke kuona mizizi myeusi tititi. Hiyo ndiyo rangi yake, haijaoza.

Kuhusu baridi nina msimamo ambao si kila mkulima anaupenda. Mwaka wa kwanza mche ni uzi, una akiba ndogo, na kuukinga ndani ya banda lisilopashwa joto ni haki yake. Kuanzia mwaka wa pili, acha. Usifunge magunia, usirundike majani hadi kiunoni. Mti unaobembelezwa miaka mitano utakufa wa sita, ukiwa umekwisha kula nafasi na muda. Ishara ya mche mgumu huonekana mapema, hata kabla ya theluji: unaacha kurefuka mwishoni mwa kiangazi, ncha zake zinakomaa na kugeuka kahawia, majani yanaanguka kwa wakati. Ule unaoendelea kusukuma majani ya kijani Oktoba ni wa upande wa kaki, na barafu itaukata hadi ardhini. Usiuponze zaidi kwa mbolea ya naitrojeni baada ya katikati ya majira ya joto. Majani pia husema kitu: mapana, mazito na yanayong'aa huelekea kaki, membamba na yaliyofifia huelekea virginiana.

Jaribio jingine huja Aprili. Chotara wengi hustahimili Januari vizuri halafu huamka mapema mno, machipukizi yakatoka, usiku mmoja wa barafu ukayachoma. Mti unaochelewa kuamka una thamani kuliko ule unaovumilia nyuzi mbili zaidi katikati ya majira ya baridi.

Halafu ni kungoja. Miaka mitano hadi minane ni kawaida kabla ya ua la kwanza, na ndipo jinsia hujulikana, kama ilivyo kwa mpapai. Maua dume ni madogo, hukaa matatu matatu. Jike hukaa peke yake, kubwa zaidi, likiwa na sepali nne za kijani ambazo baadaye huwa kofia ya tunda. Mwaka 2014 watafiti wa Japani na Marekani walionyesha, kwa kutumia Diospyros lotus, ndugu mwenye kromosomu 30, kwamba udume hutokana na jeni ya kromosomu Y inayoinyamazisha jeni nyingine. Kwenye miti yenye nakala sita mambo huchanganyika, na si ajabu kuona mti mmoja una maua ya namna zote mbili.

Njia ya kupunguza nafasi inayohitajika shambani, na mara nyingine muda, ni kuchukua kijiti cha kila mche wenye umri wa miaka miwili au mitatu na kukibebesha kwenye tawi la virginiana iliyokomaa. Mti mmoja mkubwa unaweza kubeba watahiniwa kumi na zaidi, kila tawi na kibati chake chenye namba. Namba ziandikwe pia daftarini, kwa maana vibati huanguka.

Madume yasikatwe yote kwa hasira. Lile lililopita baridi zote bila kupoteza ncha na likachelewa kuamka liachwe, ndilo baba wa mbegu za awamu ijayo. Mengine yakatwe sentimita 30 juu ya ardhi wakati wa majira ya kuchipua, na yabebeshwe vijiti vya jike lililoshinda. Mizizi yao ina miaka minane ardhini, nalo tunda huja mapema.