Mwanafunzi Aendaye Ng'ambo Atalala Wapi?

Mwezi Agosti, mpunga ukiwa umekwisha kuingia ghalani, shemeji yangu wa Bukene aliuza ng'ombe watatu na magunia kadhaa ya mpunga ili mwanawe apate chumba katika mji mmoja wa Ulaya. Kijana alikuwa amekubaliwa kusomea maabara ya tiba. Picha za chumba zilifika kwa simu: kitanda, meza, dirisha lenye pazia jeupe. Aliyejiita mwenye nyumba alieleza kwamba yuko safarini na hawezi kumwonyesha mtu mahali hapo, lakini akilipwa kodi ya miezi mitatu pamoja na amana, funguo zingetumwa kwa posta. Fedha zilikwenda, na funguo hazikuja.

Kijana alifika mwishoni mwa Septemba, usiku. Alibonyeza kengele ya nyumba aliyoelekezwa, akafunguliwa na bibi mzee ambaye hakuwahi kupangisha chumba kwa mtu yeyote. Saa nane za usiku simu yangu iliita. "Shikamoo, baba mdogo. Nipo stesheni. Usimwambie mama."

Nimekuwa tabibu kwa miaka mingi, na nakiri kwamba hadi usiku ule nililiona suala la makazi ya mwanafunzi kuwa jambo la fedha tu. Wiki mbili alizolala kwa kuhamahama, mara sakafuni kwa Mtanzania mwenzake, mara katika nyumba ya wageni ya bei ya chini, zilinifundisha vingine. Alikosa usingizi, akaacha kula vizuri, akaanza kukwepa simu za nyumbani kwa aibu. Angekuwa mgonjwa wangu ningeyaandika hayo yote katika jalada lake kama dalili.

Watu wa magharibi ya Tanzania si wageni wa safari. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda pwani kwa maelfu, wakijenga vibanda vya nyasi katika kambi za njiani, na msongamano wa kambi hizo ulisaidia kueneza ndui kutoka nchi moja hadi nyingine. Aliyefika Unyanyembe kutoka mbali hakuanza kwa kutafuta nyumba bali kwa kutafuta mwenyeji. Burton na Speke walipofika Kazeh, ambayo leo ni Tabora, mwezi Novemba 1857, walipokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Stanley alipewa tembe huko Kwihara mwaka 1871, na humo akaugua homa kali. Mwaka uliofuata Livingstone alikaa katika tembe hilohilo hadi Agosti, akisubiri wapagazi. Nyumba ilikuwa sehemu ya tiba, na ilipatikana kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuitolea neno.

Wanafunzi wa kwanza kwenda Uingereza nao walihitaji mtu wa namna hiyo. Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu wa St. Mary's mjini Tabora, alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 aliishi katika nyumba iliyotengwa kwa wanafunzi waliotoka makoloni, barabara ya Palmerston. Nyumba za aina hiyo zilikuwa na sababu yake. Wenye nyumba wengi wa wakati ule walikataa waziwazi kumpangisha mtu mweusi, na sheria ya Uingereza iliyokataza ubaguzi katika upangishaji haikuja hadi mwaka 1968. Siku hizi mlango haufungwi kwa tangazo la rangi. Unafungwa kwa sharti la mdhamini anayeishi na kupata kipato katika nchi ileile, na mkulima wa Bukene hawezi kuwa huyo mdhamini hata akiwa na zizi limejaa.

Tapeli anaipenda sana nafasi hiyo iliyo wazi. Yeye hadai mdhamini, anadai haraka. Kwa hiyo yafaa mzazi ajue kawaida ya nchi mtoto aendako kabla hajauza kitu. Katika England, amana ya nyumba ya kawaida ya kupanga haizidi kodi ya wiki tano, na mwenye nyumba analazimika kuiweka katika mfuko uliotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Ujerumani amana haizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za kupasha joto, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu. Hukohuko, aliyehamia nyumba hutakiwa kujiandikisha katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili, akiwa na barua ya aliyempa nyumba. Asiye na barua hiyo hukwama katika mambo mengine mengi. China, mgeni anayelala nje ya hoteli lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24. Mwenye nyumba anayesema "hayo tuyaache" anapaswa kuachwa yeye.

Njia iliyo salama kuliko zote haina mvuto: ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chenyewe, na bweni, hata likiwa mbali na mjini. Foleni ya mabweni ya Ujerumani ni ndefu, hivyo ombi lipelekwe mara barua ya chuo inapopatikana, wala lisingojee viza. Bweni likikosekana, chumba cha muda cha wiki tatu au nne kilicholipiwa kwa njia inayoweza kurudisha fedha ni bora kuliko mkataba wa mwaka kwa nyumba ambayo hakuna ndugu, rafiki wala mwanachuo aliyeiona kwa macho. Mtanzania mmoja aliyetangulia, akikubali kwenda kubisha hodi, ana thamani kuliko picha hamsini.

Sasa niyaseme yanayotuhusu sisi wa afya, kwa kuwa chumba kikishapatikana bado kinaweza kuumiza.

Kijana aliyekulia Bukene anaijua baridi ya asubuhi ya Juni, hajaijua ya Januari ya kaskazini. Wapo wanaojaribu kuwasha mkaa ndani, au kutumia jiko la gesi kupasha chumba kilichofungwa kila upande. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika, na mtu wa kwetu akipata hayo hufikiri malaria, akameza dawa na kulala tena katika chumba kilekile. Ikiwa mnaoishi pamoja mnaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na mnapata nafuu mkitoka nje, tokeni, kisha ombeni msaada wa dharura. Kinyume chake nacho ni kweli: homa katika miezi ya mwanzo ughaibuni inaweza kuwa malaria iliyotoka nyumbani, na daktari wa huko hataifikiria asipoambiwa mgonjwa ametoka Tabora.

Chumba cha bei nafuu mara nyingi ni chenye unyevu. Nguo zikianikwa ndani na dirisha lisifunguliwe kamwe, kuvu huota ukutani, na mwenye pumu hukohoa usiku kucha. Fungua dirisha wazi kwa dakika chache, mara kadhaa kwa siku, hata baridi ikiuma. Kulala watu sita katika chumba cha wawili ili kugawana kodi ni kuialika kifua kikuu. Cheti cha uchunguzi wa kifua kilichotolewa kwa ajili ya viza hakimkingi mtu na maambukizi ya baadaye.

Kwa mwenye selimundu, ugonjwa usio adimu katika mkoa wetu na kandokando ya Ziwa Viktoria, joto la chumba ni sehemu ya dawa. Baridi na upungufu wa maji mwilini vyote huweza kuamsha maumivu makali. Asafiri na barua ya kliniki inayoeleza hali yake na dawa anazotumia, kama haidroksiyurea, na barua hiyo aipeleke pia katika ofisi ya makazi ya chuo wakati wa kuomba chumba, si baada ya kulazwa. Wahudumu wa zahanati na vituo vya afya, tafadhali msisubiri kuombwa: mkisikia mgonjwa wenu anakwenda kusoma nje, mwandikieni.

Mpwa wenu huyo hatimaye alipata bweni mwezi Desemba, baada ya mwanafunzi mmoja kuhama. Fedha za ng'ombe hazikurudi, ingawa taarifa ilipelekwa polisi. Mama yake alijua yote mwezi Januari, kijana alipoona anaweza kusimulia bila sauti kutetemeka. Hakuuliza habari za fedha. Aliuliza kama dirisha linafunguka, na kama kuna mtu chumba cha jirani ambaye angesikia akigonga ukuta.