Kibarua wa Mpakani na Sheria Zinazomhusu Mwajiri

Ngara inapakana na Burundi na Rwanda, na Biharamulo iko jirani yake upande wa mashariki. Katika wilaya hizi mbili za mkoa wa Kagera, mwajiri wa kawaida ni mkulima mwenye ekari chache za migomba, kahawa na maharage, anayehitaji watu wa palizi na mavuno. Wengi wa vibarua hao huvuka kutoka Burundi, hulipwa kwa kipande cha shamba au kwa siku, na hurudi kwao msimu ukiisha. Mkulima huyo yuko chini ya sheria sawasawa na mgodi au kampuni ya ujenzi, ingawa mara nyingi hajioni kuwa mwajiri.

Sheria kuu ni ile ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Inakataza mtu yeyote Tanzania Bara kumwajiri asiye raia bila kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na kibali hicho hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24 kwa mara moja. Kinamruhusu mgeni kufanya kazi tu; kuishi nchini kunahitaji kibali cha ukaazi cha Idara ya Uhamiaji. Mwombaji, ambaye ni mwajiri, hutakiwa kuonyesha kwamba alitafuta Mtanzania mwenye ujuzi unaohitajika akamkosa.

Masharti haya yanaeleweka kwa mhandisi wa mradi wa umeme wa Rusumo au mtaalamu wa madini ya nikeli ya Kabanga. Kwa mpalizi wa wiki mbili hayabebeki: ada ya kibali inazidi kwa mbali ujira wake wa msimu mzima. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, halikumfungulia mlango pia, kwa kuwa Tanzania ilifungua soko lake la ajira kwa fani teule za wataalamu, si kwa vibarua. Hapo ndipo sheria inapomwacha mkulima pabaya, kwa sababu njia halali ipo kwenye karatasi lakini haifikiki shambani. Uzito wa jambo hili ulionekana mwaka 2013, wakati Operesheni Kimbunga, msako wa serikali dhidi ya wahamiaji haramu, ilipowaondoa maelfu ya watu Kagera, Kigoma na Geita.

Kumtambua mgeni nako si kazi nyepesi. Kihangaza, lugha ya Wahangaza wa Ngara, na Kirundi vinasikilizana karibu kabisa, na familia nyingi zina ndugu pande zote mbili za mpaka. Mwajiri anayehukumu kwa lafudhi au sura huishia kumnyima kazi Mhangaza aliyezaliwa Ngara. Kitambulisho cha taifa na uthibitisho wa ofisi ya kijiji ni ushahidi ulio bora zaidi.

Julai 2025 ilitoka amri nyingine ambayo watu huichanganya na sheria ya 2015. Amri hiyo inawazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo za rejareja, uchimbaji mdogo wa madini na ununuzi wa mazao shambani. Haizungumzii kumwajiri mgeni. Inazungumzia mgeni kuendesha biashara. Hata hivyo inawagusa raia moja kwa moja. Anayemsaidia mnunuzi wa nje kununua maharage au kahawa shambani, au anayemwazima mgeni leseni ya uchimbaji Biharamulo, anaweza kutozwa faini ya shilingi milioni 5 au kufungwa hadi miezi mitatu. Kwa mgeni mwenyewe faini huanzia milioni 10, na vibali vyake hufutwa.

Mbali na amri hiyo, marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yana nafuu kwa waajiri wa wilaya hizi. Awali mkataba wa muda maalumu ulikuwa hasa wa wataalamu. Sasa unaruhusiwa pia kwa kazi za msimu, jambo linalolingana na kilimo. Upande wa pili, kumwachisha mtu kazi isivyo halali kumepangiwa fidia kwa madaraja: mishahara ya miezi 24 pale penye ubaguzi au unyanyasaji wa kijinsia, 12 pale sababu isipokuwa ya haki, na 6 pale utaratibu tu ulipokiukwa. Mfanyakazi aliyeachishwa ana siku 30 za kufungua shauri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.