GONDAR: MJI WA KASRI NA NJIA YA MAJESHI

Tarehe 27 Novemba, 1941, jeshi kubwa la mwisho la Wataliano katika Ethiopia lilisalimu amri kwenye mji wa Gondar. Mji huo uko katika nyanda za juu za kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo jirani, kaskazini ya Ziwa Tana, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Miongoni mwa majeshi yaliyouzingira walikuwamo askari wa KAR kutoka Afrika Mashariki. Katika nyumba nyingi za maaskari wazee jina la Gondar lilitajwa pamoja na baridi, matope na milima mikali. Lakini Gondar ilikuwa na sifa nyingine, iliyoitangulia vita hiyo kwa miaka mia tatu, na ndiyo iwavutayo wageni hata leo.

Kabla ya Gondar, wafalme wa Ethiopia kwa muda mrefu hawakuwa na mji mkuu wa kudumu. Mfalme alisafiri na jeshi lake, akalala hemani, akahama mahali chakula na kuni zilipokwisha. Kila afisa ajuaye kazi ya kulisha kikosi ataielewa sababu yake mara moja: watu maelfu pamoja na farasi na nyumbu hawawezi kukaa bonde moja miaka mingi. Mwaka 1636 Mfalme Fasilides aliamua kuuweka mji wake Gondar, akajenga kasri ya mawe. Ilikuwa yapata miaka arobaini na ushei tangu Wareno waanze kuijenga Fort Jesus ya Mombasa.

Wareno hao wanahusika na Gondar pia, ingawa si kwa namna inayosemwa mara nyingi. Mwaka 1541 watu wao wapatao mia nne wenye bunduki walitua pwani ya Bahari ya Shamu kuwasaidia Wakristo wa Ethiopia katika vita vyao na Imamu Ahmad. Kiongozi wao, Cristóvão da Gama, alikuwa mwana wa Vasco da Gama yule aliyefika Malindi mwaka 1498. Cristóvão aliuawa, lakini Imamu naye alianguka vitani mwaka 1543. Baadaye mapadre Wajesuti waliingia na dini yao ya Kikatoliki, na Mfalme Susenyos akaifuata. Nchi ikachafuka kwa mauaji mpaka alipoacha kiti mwaka 1632. Mwanawe, Fasilides, ndiye aliyewafukuza Wajesuti. Kwa hiyo si haki kusema kwamba kasri za Gondar ni kazi ya Wareno. Mkono wa ufundi wa Kireno, wa Kihindi na wa Kiarabu unaonekana ndani yake, lakini aliyeamuru zijengwe ni mfalme wa Ethiopia, na zilijengwa baada ya wageni hao kutolewa nchini.

Boma la wafalme, liitwalo Fasil Ghebbi, limezungukwa na ukuta wenye urefu wa mita 900. Ndani yake mna kasri kadhaa, kwa maana kila mfalme aliyefuata alipenda kujenga yake mwenyewe. Ya Fasilides ndiyo kubwa: mawe ya rangi ya kahawia, minara minne ya mviringo pembeni yenye vichwa vya kuba, na mnara wa mraba juu ya dari. Jirani yake pana maktaba, ukumbi wa nyimbo, na mahali palipofugwa simba. Kasri ya Iyasu wa Kwanza, aliyetawala tangu 1682 hadi 1706, husemekana ilikuwa na mapambo mengi kupita zote. Leo haina paa.

Mgeni akiuliza ni kitu gani kilichoivunja, jibu ni refu. Mwaka 1704 tetemeko la ardhi lililitikisa boma. Baadaye wafalme wakawa dhaifu, na wakuu wa majimbo wakapigania mji. Mfalme Tewodros wa Pili aliupora na kuuchoma katika miaka ya 1860. Mwaka 1888 majeshi ya Mahdi kutoka Sudan yaliingia na kuteketeza makanisa mengi. Lililobaki maarufu ni kanisa la Debre Berhan Selassie, ambalo dari yake imejaa nyuso za malaika, safu kwa safu, zenye macho makubwa yanayotazama chini. Watu wa Gondar husimulia kwamba kundi la nyuki lilitoka uani likawafukuza waliokuja kulichoma. Hadithi hiyo haina ushahidi wa askari, ila kanisa lipo.

Wataliano waliutwaa mji mwaka 1936. Walijenga mtaa mpya wenye posta na sinema, ambao bado wavutia macho. Walizitengeneza kasri pia, lakini kwa saruji na zege. Mafundi wa Lamu wangeweza kuwaonya: jengo la mawe na chokaa hutaka chokaa, kwani saruji ni ngumu kupita jiwe lenyewe, nayo huzuia unyevu usitoke. Katika miaka ya 1970 wataalamu walirudia kazi hiyo kwa chokaa. Jambo zito zaidi ni kwamba Wataliano waliweka makao yao ya kijeshi ndani ya boma, na ndege za Waingereza zikalipiga. Baadhi ya magofu yaonekanayo leo, pamoja na kasri ya Iyasu, yana alama za mabomu hayo.

Nje ya boma, yapata kilomita mbili, liko birika la Fasilides, ambalo kuta zake zimekumbatiwa na mizizi ya miti mikubwa. Kwa kawaida ni kavu. Hujazwa maji ya mto Qaha kwa ajili ya Timkat, sikukuu ya ubatizo wa Yesu, ambayo huangukia tarehe 19 Januari. Usiku wa kuamkia siku hiyo mapadre huleta tabot, vibao vitakatifu vilivyofunikwa kwa vitambaa vya thamani, na umati hukesha. Alfajiri maji yakishabarikiwa, vijana hujitosa. Kwa mgeni hakuna wakati bora wa kuizuru Gondar. Kwa polisi wa mji hakuna wakati mgumu zaidi.

Mwezi Agosti, 2023, mapigano baina ya majeshi ya serikali na wanamgambo wa Fano yaliingia Gondar yenyewe. Swali la 1941 likarudi: nani asimame wapi. Mkataba wa The Hague wa 1954 umelijibu, nao hugusa hata vita vya ndani ya nchi moja. Mali ya utamaduni isitumiwe kwa njia itakayoihatarisha, isishambuliwe, na askari wazuiwe wasiipore. Ruhusa ya kukiuka sharti la matumizi na la mashambulio hupatikana tu pale dharura ya kijeshi inapolazimisha kabisa. Mnara wa Fasilides waona mbali, na kwa sababu hiyo hiyo humshawishi kamanda kuweka mlinzi mwenye darubini. Mlinzi huyo akipanda, mnara waweza kugeuka shabaha. Lakini kwa mahali palipowekwa chini ya ulinzi maalumu, mkataba wasema wazi kwamba walinzi wenye silaha waliopewa kazi ya kupalinda, na polisi wa kawaida wa usalama wa raia walio karibu, hawahesabiwi kuwa wamepatumia kwa vita.