Je, Wajua? Mbuzi wa Gunia Sasa Yumo Simuni

Hakuna mfugaji aendaye soko la mifugo la Garsen akalipia fahali kabla ya kumtia machoni. Humzunguka, humfunua kinywa akaona meno, humwendesha ajue kama anachechemea. Facebook na WhatsApp zinadai jicho lilo hilo.

Je, wajua kwamba mchezo wa "panda kidogo, uvune kikubwa" umepita miaka 100? Mwaka 1920 mjini Boston, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Faida yenyewe haikuwepo: waliotangulia walilipwa kwa pesa za waliofuata.

Je, wajua kwamba mchezo huo ulitukumba Wakenya pia? Jopo la serikali lililoongozwa na Francis Nyenze liligundua kuwa watu zaidi ya 148,000 walipoteza takriban shilingi bilioni 8 katika upatu wa piramidi. Wengi waliingizwa na jamaa, majirani na waumini wenzao. Rafiki kukualika kundini si dhamana, kwani huenda naye ametegwa.

Je, wajua kwamba ujumbe wa "umepokea pesa" unaweza kuandikwa na yeyote? Ujumbe halali huja kwa jina MPESA, si kwa nambari ya mtu. Mpigaji akilia kwamba amekosea na kutaka umrudishie pesa, angalia kwanza salio lako kwa *334#. Aliyekosea kweli hupeleka ujumbe wake 456 ashughulikiwe na kampuni.

Je, wajua kwamba tarakimu 6 za msimbo wa kuthibitisha zinatosha kukunyang'anya WhatsApp? Tapeli huziomba akijifanya shangazi au mwalimu wa mtoto. Akizipata, anaingia kwa jina lako na kuwakopa jamaa zako. Usimpe mtu, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili leo.

Je, wajua kwamba laini yako inaweza kuhamishiwa kadi ya tapeli ukiwa umeishika simu mkononi? Ukiona wenzako wana mtandao nawe ghafla huna, mpigie mtoa huduma kwa simu ya jirani. Mteja wa Safaricom hujikinga mapema kwa *100*100#.

Je, wajua kwamba picha ya ng'ombe mnono si ng'ombe? Huibwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine, kisha muuzaji akadai malipo ya awali ya usafiri. Mwombe video ya mnyama huyo ikitaja jina lako na siku ya leo, kisha tuma mtu akamwone. Akikuharakisha, mwache na mnyama wake.

Je, wajua kwamba kuajiriwa jeshini hakulipiwi? Anayedai "pesa ya chai" ili mwanao apate barua ya kuitwa KDF anauza karatasi. Na mwaka 2022 serikali iliwaonya vijana kuhusu kazi nono za Thailand zilizotangazwa mitandaoni: Wakenya walijikuta Myanmar, wakilazimishwa kuwatapeli wengine.

Je, wajua kwamba maafa huwaita matapeli? Mto Tana ulipofurika 2024, familia nyingi zilihitaji msaada. Shida kama hiyo ndiyo huwapa wakora nafasi ya kusambaza linki za misaada hewa. Msaada wa kweli hauombi PIN wala ada ya usajili. Vivyo hivyo mpango wa serikali wa Inua Jamii: mzee wako akiambiwa alipe ndipo apate shilingi 2,000 zake za mwezi, mpeleke kwa chifu akaulize.

Je, wajua kwamba sheria iko upande wako? Sheria ya makosa ya mitandao ya 2018 inamtoza anayenasa siri za watu kwa hila faini ya hadi shilingi 300,000, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Hifadhi jumbe zote, peleka nambari ya tapeli kwa 333 ya Safaricom, kisha uandikishe ripoti polisi upewe nambari ya OB.

Lakini wengi hunyamaza kwa aibu, na kimya hicho ndicho kinachomlisha mwizi. Sokoni, mnyama mgonjwa akiuzwa, habari hufika Minjila na Tarasaa kabla jua halijatua, na muuzaji hakosi kujulikana. Ukitapeliwa, sema vivyo hivyo: nyumbani, msikitini, kanisani, kwenye kundi la kijiji. Aibu ni ya aliyeiba, na neno lako laweza kuokoa karo ya mtoto wa jirani.