Motokaa Iliyoinuliwa

Wengi wetu twapenda kuona Landrova iliyoinuliwa kwa springi ndefu na kuvikwa matairi makubwa. Huko Ujerumani mambo hayo yana sheria. Kwa kifungu cha 19 cha kanuni zao za magari, badiliko likihofiwa kuleta hatari, au likizidisha moshi au kelele, ruhusa ya gari kutembea barabarani hukoma. Mimi naona hawakukosea. Tairi lililozidi milimita 50 kwa kipenyo huliinua gari milimita 25. Spidomita ikisoma 80 kama zamani, gari limekwisha zidi mbio. Breki nazo zataka nguvu zaidi, na kwenye kona gari refu hupinduka upesi. Basi hapana budi mtaalamu alikague. Akiridhika, mabadiliko huandikwa katika hati za gari.